Kamba za Nguo za Walukuba

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Kama kipo, bado hakijazaliwa, na siku kikizaliwa nitakuwa miongoni mwa watu wa kwanza kujua, kwa sababu kazi yangu ni kujua watoto wako wapi. Mimi ni seremala wa viti vidogo. Nasema vile viti vya shule za nasari, ambavyo mtu mzima akikalia magoti yanamgonga kidevu. Nenda shule yoyote ya watoto kati ya Jinja na Mbale, geuza kiti, angalia chini ya kikalio. Ukikuta alama ya nyota iliyochomwa kwa msumari wa moto, hiyo ni yangu. Usipoikuta, geuza kiti kingine.

Mafundi wenzangu waliosomea ufundi chuoni wanatengeneza makabati ya vioo na vitanda vya maharusi, halafu wanakaa mlangoni kumsubiri bwana harusi. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kule kijijini Busiu, nikaja mjini na randa moja ya kuazima. Leo nina karakana yenye msumeno wa umeme, nyumba mbili za matofali ya kuchoma, pikipiki, na meno yangu yote. Hata hiki Kiswahili nilikipata mwenyewe. Nyumbani watu wa rika la baba yangu wakikisikia walikuwa wanatafuta mlango wa nyuma, maana walikizoea kinywani mwa askari. Mimi nilikikuta kwa fundi wangu wa kwanza, mzee Mwislamu wa Mbale, ambaye alikitumia kuuzia vitanda. Tangu hapo kwangu ni lugha ya mtu anayetaka kukupa bei nzuri.

Siri ya kazi yangu naitoa hapa bure, maana sijaona mtu wa kuitumia vizuri kama mimi. Jumamosi, watu wanapofua, napanda pikipiki nazunguka mitaa pole pole, naangalia kamba za nguo. Ni hivyo tu. Simuulizi mtu. Ukiona nepi zimejipanga nyeupe, hapo kuna mtoto mchanga. Bado miaka miwili mitatu mama yake atatafuta shule, na shule itatafuta viti. Ukiona kaptura ndogo na magauni yenye urefu wa mkono, viti vinatakiwa leo. Ukiona sare za shule za wakubwa, umechelewa, tia gia uende. Kuna wasomi wanaotafuta jambo hilo hilo kwa kupita mlango kwa mlango na maswali, na mama wa nyumba anawajibu anachotaka. Kamba haijui kudanganya.

Kuna kamba moja katikati ya Jinja nimeifuata tangu nikiwa kijana. Nilipoiona mara ya kwanza ilikuwa imelemewa na nepi. Zikaja kaptura. Zikaja sare, zikaja suruali za jinzi, ikaja sidiria moja iliyofichwa chini ya taulo. Halafu jinzi zikaanza kuondoka moja moja, kila mwaka moja, na siku hizi inaning'inia kanzu moja na shuka mbili. Mtaa mzima huzeeka hivyo hivyo. Unapita kila wiki, unaona nyumba ni zile zile, miti ni ile ile, unasema hakuna kilichobadilika. Lakini angalia kamba.

Na watoto wakiondoka mahali wanatokea mahali pengine. Wanafuata chumba cha bei ndogo, yaani wazazi wao ndio wanaokifuata, na wao wanabebwa mgongoni. Chukua Namakwekwe, pale Mbale. Nilipokuwa nabeba mbao za fundi wangu, pale palikuwa na nyumba chache na mbuzi wengi. Kisha watu wakaanza kujenga vyumba vya kupanga kwa mstari: mlango, dirisha, mlango, dirisha, na kila mlango ukapata mama kijana na beseni lake. Wenye shule walikuwa bado wanagombania mitaa ya zamani. Mimi nilikuwa nimeshashusha viti Namakwekwe. Waulize.

Sasa nieleze habari ya binti yangu, kwa sababu haya yote niliyafanya kwa ajili yake. Ni kifungua mimba wangu. Amesoma, ana cheti cha ualimu wa watoto wadogo, na akipiga makofi mara mbili darasa zima linanyamaza, hata mimi nikiwa dirishani nanyamaza. Alikuwa anafundisha katika shule ya mtu mmoja kule Mbale. Siku moja alikuja karakana Jinja, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Baba, nataka shule yangu mwenyewe."

"Ndogo au kubwa?"

"Ndogo. Namakwekwe. Kila asubuhi tunawarudisha akina mama mlangoni, nafasi hakuna."

"Namakwekwe nimeimaliza mimi," nikamwambia. "Kule sasa hata mwenye bucha anataka kufungua nasari. Wewe nitakupeleka Walukuba."

"Walukuba? Kuna watoto huko?"

Nilicheka mpaka nikaweka randa chini. Mimi nilipanga chumba Walukuba, hapa hapa Jinja, nikiwa bado sina ndevu. Zile nyumba za wafanyakazi wa viwanda, wakati ule, ulikuwa huwezi kuvuka uwanja bila kukanyaga mtoto. Mtu alikuwa akirudi kazini jioni anakuta watoto kumi mlangoni, anachagua wake, wengine anawafukuza. Na si kumbukumbu tu. Jumamosi chache kabla ya hapo nilikuwa nimepita nyuma ya stoo moja ya zamani, nikaona kitu kilichonifanya nizime pikipiki.

Kamba nne ndefu, zimejaa kuanzia mti mpaka mti. Vikaptura. Magauni yenye malinda. Soksi zinazotosha kidole gumba. Sweta la manjano lenye picha ya bata aliyevaa kofia. Nguo za wakubwa, hakuna. Jumamosi iliyofuata nikarudi: kamba nne, zimejaa, na safari hii nguo ni nyingine kabisa. Nikasema, hapa kuna watoto mpaka wanabadilishana zamu ya kuvaa. Kitu kimoja tu sikukiona, nacho ni nepi. Nikajiambia, Walukuba wamepata hela, sasa wanatumia pampasi.

Basi nikaikodi ile stoo. Miaka miwili, nikailipia yote mbele, maana mwenye stoo alikuwa na haraka na mimi sipendi kuonekana mtu wa kulipa kidogo kidogo. Akiba yangu yote iliingia pale. Nikatengeneza viti arobaini. Nikamleta mchoraji akapaka kuta: twiga mrefu kutoka sakafuni mpaka darini, jua lenye meno, na bata wanne wenye kofia. Bata niliwaagiza mwenyewe, ili mtoto wa lile sweta akiingia ajione yuko nyumbani.

Binti yangu akaacha kazi. Alikuja na masanduku yake mawili na godoro.

"Baba, nafasi yangu wameshampa mtu. Nilipokuwa nafungasha, mwenzangu alikuwa anapanga chaki zake mezani kwangu. Hii ikishindikana sina pa kurudi."

"Niambie lini mimi nimekosea watoto."

Akafikiri, kwa sababu ni mtu wa haki. "Bado," akasema.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na pilau. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati jipya, binti yangu pembeni yangu na kengele mkononi. Watu wakaanza kuja, nikaona vichwa vyeupe. Nikasema moyoni, vizuri, mabibi wametangulia, wajukuu wako nyuma. Vikaja vichwa vyeupe vingine, vingine na fimbo. Nyuma yao barabara ilikuwa tupu. Viti vikubwa sikuwa nimeleta, kwa hiyo walikaa kwenye vile vidogo, na vyote arobaini vikajaa. Ukihesabu viti tu, hakuna shule iliyofunguliwa vizuri kuliko yangu.

Nikatoa hotuba. Sijui kutoa hotuba fupi. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyestaafu kiwandani akanishika mkono.

"Kijana, umetukumbuka. Tulikuwa hatuna mahali pa kukutania."

"Mzee, hii ni shule ya watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa hapa."

"Watoto wa hapa ni huyu," akasema, akamgusa bega jirani yake mwenye mvi aliyekuwa anatafuta nyama ndani ya pilau. "Huyu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Sasa ana sukari."

"Na presha," yule mwenye mvi akaongeza bila kuinua kichwa.

Wakanieleza kwa furaha tu, kama watu wanaomwelekeza mgeni njia. Wao walikuja vijana, wakazaa, watoto wakakua. Wao wakabaki kwenye nyumba zao, maana nyumba ukishaipata Walukuba huiachii. Watoto wao walipotaka kuoa hakukuwa na chumba, wakaenda kupanga mbali, wengine hata miji mingine. Wajukuu wapo, tele, lakini wanakuja likizo. Mzee wa kiwandani alitaka kusimama anionyeshe picha za wajukuu kwenye simu, akashindwa kutoka kwenye kiti. Aliposimama, kiti kilisimama naye. Tulimvuta watu watatu. Kiti hakikuvunjika, wala hakikulia.

Watoto waliokuja siku ile walikuwa watatu. Mmoja alikuwa amekuja kumtembelea bibi yake na kesho yake anarudi Mbale.

Binti yangu alipiga kengele hata hivyo. Akawapanga wale watatu mbele, akawafundisha wimbo wa vidole, na wazee wote wakaimba nyuma yao, wakiinua vidole, vingine havikunjuki vizuri. Ukimwangalia usingejua kitu. Ila wageni walipoondoka, tukiwa tunakusanya sahani, akaniuliza bila kunitazama:

"Baba, kwenye zile kamba, uliona nepi?"

"Siku hizi kuna pampasi."

"Mbale kila kamba ina nepi. Walukuba wametajirika lini?"

Nikabeba sahani nikaziweka juu ya sahani nyingine. Yeye akafuta mikono, akaenda kukaa kwenye kiti kimoja chini ya twiga, cheti chake mapajani. Alikuwa amekileta akitundike ukutani siku ile ile. Msumari nilikuwa nimeshaupiga. Hakukitundika. Mbao zikinitia hasara nanunua nyingine, mteja akinikimbia namlaani nampata mwingine, lakini yeye alikuwa ameacha mshahara kwa sababu ya neno langu, na neno hilo nililiokota juu ya pikipiki. Nilimwambia, "Nipe mpaka wiki iishe." Sikujua naiombea nini hiyo wiki.

Asubuhi yake nikaenda nyuma ya stoo. Kamba zilikuwa zimejaa. Mwenye kamba alikuwa pale na vibanio mdomoni, mama wa Kiislamu wa makamo, mfanyabiashara, wote pale wanamwita Hajati. Pilau alikuwa ameila.

"Asalaam aleikum, Hajati."

"Waleikum salaam, bwana seremala. Pilau ilikuwa nzuri, imekosa pilipili."

"Hajati, watoto wako wako wapi?"

"Mmoja yuko Nairobi, mmoja ana duka Iganga, mmoja Mungu anamjua."

"Wadogo. Wenye hizi nguo."

Akatoa vibanio mdomoni. Akaniangalia mimi, akaangalia kamba, akaangalia stoo na bango langu jipya. Halafu akapindua ndoo akaikalia, akacheka mpaka mtandio ukamwangukia mabegani.

"Bwana seremala! Hizi ni mitumba!"

Akaita wenzake wawili waliokuwa wanasuuza karibu na bomba. "Njooni msikie! Huyu bwana amejengea shule robota langu!"

Nikasimama wamalize kunicheka. Kisha nikaelezwa. Wananunua marobota ya nguo za watoto Kampala. Nguo za ndani ya robota zina harufu ya dawa na mikunjo kama ngozi ya kobe, na mama mwenye mtoto wa kwanza hanunui hivyo. Kwa hiyo wao wanafua, wanaanika, wanapiga pasi, wanashona vifungo, na nguo inauzwa mara mbili ya bei. Ijumaa gari linazipeleka. Ndiyo maana kila Jumamosi kamba zilikuwa na nguo nyingine. Ndiyo maana nepi hazikuwepo, kwani nani atanunua nepi ya mtu?

"Zinakwenda wapi?" nikauliza.

"Mbale. Mahali panaitwa Namakwekwe. Kule kaptura haifiki saa sita mchana."

"Kwa nini usiuze hapa?"

"Hapa nimuuzie nani? Yule mzee wa kiti?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, maana ningefanya nini. "Hajati, sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unapita kila Jumamosi, unapunguza mwendo, unaangalia kamba zangu unatabasamu peke yako. Huyu hapa," akamwonyesha mwenzake, "akadhani unatafuta mke wa pili."

"Nilishasuka nywele," yule mwenzake akasema.

"Na siku ya pilau," Hajati akaendelea, "wewe ndiye uliyeongea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mtu angeingilia wapi?"

Hapo ndipo mvua ikaja. Mvua ya Jinja inatoka ziwani bila kubisha hodi. Wale akina mama wakaruka kama wamechomwa, wakaanza kuanua, na mimi nikajikuta naanua nao, mikono imejaa magauni. Nyumba zao ziko ng'ambo ya uwanja. Stoo yangu iko hatua chache. Tukakimbilia stoo. Tukaingia na nguo mbichi, na mahali pa kuziweka hakuna ila kwenye viti, basi tukazitandaza kwenye viti: huyu kaptura, huyu gauni, huyu fulana na soksi zake. Binti yangu alikuwa amerudi kukaa chini ya twiga. Akainuka, akasimama mbele. Darasa lilikuwa limejaa. Viti arobaini, kila kimoja kimevaa, vimemwelekea yeye, vimetulia.

Akapiga makofi mara mbili.

Hajati alicheka kidogo tu safari hii. Alikuwa ameinua kichwa anaangalia boriti za juu, akisikiliza mvua kwenye bati, na hakuna tone lililokuwa linaingia. Namjua mfanyabiashara anayepiga hesabu. Anaacha kupepesa macho.

"Hii stoo umeilipia mpaka lini?" akauliza.

"Hajati, bati ni jipya. Boriti hizi ni ngumu, nimezikagua mwenyewe. Zinabeba kamba kumi na mbili."

"Sijauliza boriti. Nimeuliza mpaka lini."

Tukaanza. Sitaeleza maneno yote, maana tulimaliza mvua ikiwa imekwisha zamani na chai imeshachemshwa mara mbili. Yeye na wenzake watachukua stoo kama ilivyo, warudishe kodi yangu yote. Viti ni vyangu. Binti yangu alikuwa kwenye simu mlangoni muda wote huo. Akarudi.

"Baba, wale akina mama niliokuwa nawarudisha mlangoni, namba zao ninazo. Mmoja ana baraza kubwa lenye paa na ua wenye geti, pale pale Namakwekwe. Anakodisha. Anasema nije hata kesho."

"Namba zao ulizichukua lini?"

"Kabla hujanileta huku."

Mimi ndiye niliyemzaa, ndiyo maana.

"Gari letu linakwenda Ijumaa," Hajati akasema. "Viti vikae juu ya nguo. Nauli sitaki. Ila twiga siwezi kumlipia."

"Hajati, nimemlipa mchoraji hela nzuri. Angalia shingo ile."

"Naiona shingo. Nguo zangu zinamhitaji wa nini?"

"Na bata? Na jua?"

"Bwana seremala, ving'oe uende navyo."

Ijumaa tukapakia. Chini magunia ya nguo zilizopigwa pasi, juu viti arobaini miguu ikielekea mbinguni, juu kabisa godoro la binti yangu. Sisi tulikaa mbele na dereva. Binti yangu alikaa katikati. Alikuwa ameshika kengele ili isilie. Karibu kuingia Mbale, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Afande mmoja mrefu, mtu wa kaskazini, akazunguka gari mara mbili.

"Hii nini umebeba?"

"Viti vya watoto, afande."

"Na chini?"

"Nguo za watoto, afande."

"Watoto iko wapi?"

Wiki nzima watu walikuwa wananiuliza swali lile. "Ndio tunawafuata, afande."

Akaegemea mlango. "Kiti iko, nguo iko, mtoto hakuna. Nyinyi watu ya Jinja mnasafirisha shule bila wanafunzi?" Akamwita mwenzake aje aone. Kisha akashusha sauti. "Nyinyi mko serious na hii shule? Mimi niko na mapacha kwa baraki ya polisi. Miaka tatu. Mama yao amechoka. Wanakula sabuni."

Binti yangu akafunguka uso kwa mara ya kwanza tangu ufunguzi. "Walete Jumatatu, afande. Na ufagio."

"Ufagio ya nini?"

"Kila mzazi analeta ufagio."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe, afande. Una wawili, leta mbili."

Akapiga bodi ya gari kwa kiganja, tukapita.

Jumatatu nilikuwa Namakwekwe kabla ya jua. Baraza lilikuwa limefagiliwa, viti vimepangwa, kuta hazina picha hata moja. Cheti kilikuwa kimetundikwa. Nilisimama getini, na shati lile lile jipya, nikiangalia barabara. Nikaona kichwa cheusi kidogo kinakuja kimeshikwa mkono. Nyuma yake kingine. Kisha ikawa kama mtu amepindua kikapu: waliobebwa, waliovutwa, waliolia, mmoja aliyekuja na kuku wake. Akina mama wanasukumana, "Mwalimu, unanikumbuka? Mwalimu, mimi ulinirudisha!" Afande akaja na mapacha, mmoja kila mkono, na fagio mbili begani kama bunduki. Viti arobaini vikaisha, wakaanza kukaa wawili wawili, na binti yangu akanipigia kelele mbele ya wazazi wote:

"Baba! Usikae hapo kama mgeni rasmi! Viti!"

Sijawahi kufurahi kutumwa namna ile. Na nilipokuwa napita katikati yao nikapime nafasi, nikamwona. Mtoto wa kike, kiti cha pili kutoka mlangoni, analia kwa bidii na kufuta pua kwenye mkono wa sweta la manjano. Kifuani bata, na kofia yake. Nikachuchumaa. Nilikuwa na msumari wangu mfukoni. Niliupasha moto kwenye jiko la mama mwenye nyumba, nikamchomea bata kwenye ubao wa kiti chake. Akaacha kulia, akamkagua.

"Huyo jogoo," akasema.

Mpaka leo shule imejaa, na nimeongeza viti mara mbili. Mimi bado nasema kamba hazikudanganya. Nguo zilikuwa za watoto kweli, na watoto walikuwepo kweli, na mtaa walikokuwa mimi ndiye niliyeujua wa kwanza. Barabara tu ndiyo iliyoingia katikati. Siku hizi naangalia nepi kwanza. Walukuba napita kila mwezi. Stoo ina kamba kumi na mbili ndani, kama nilivyosema boriti zitazibeba, na wale wazee wanakwenda pale jioni kukunja nguo na kupiga soga. Mzee wa kiwandani amejiletea kiti chake mwenyewe, kikubwa. Twiga bado yuko ukutani, anachungulia juu ya magauni yanayosubiri Ijumaa.

Jinja watu wanasema yule seremala alizamisha mamilioni kule Walukuba. Waongo. Kodi ilirudi yote, viti vinakaliwa, nauli sikutoa. Twiga mmoja, jua moja lenye meno, bata wanne na kofia zao: shilingi laki tatu na elfu arobaini na tano.